Muziki unapigwa wapi Lamu? Mwongozo kamili wa msimu, mitaa na adabu za kuhudhuria

Muziki wa Lamu haukai ukumbini. Uko harusini, uko kwenye maulidi, uko uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome siku za tamasha, na mara mojamoja uko kwenye hoteli za kijiji cha Shela na kisiwa cha Manda. Mgeni akishuka gatini siku yoyote tu ya mwaka na kuuliza bendi inapiga wapi leo, huenda akalala bila kusikia hata tari moja, kisha akarudi kwao akisimulia kwamba Lamu hakuna muziki. Upo, tena wa aina ambazo si rahisi kuzikuta Mombasa wala Nairobi, ila unafuata mwezi na unafuata watu. Ukishajua mwezi wa kuja na mtu wa kumuuliza, yaliyobaki ni mepesi.

Kwanza: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Kalenda inayotawala ngoma hapa ni ya mwandamo. Ramadhani usije kwa ajili ya muziki. Ngoma hutulia mwezi mzima, harusi hakuna, na usiku ni wa tarawehe na daku. Ukiingia Mfungo Mosi na Idd ikishapita, shughuli zinaanza tena.

Miezi miwili kabla ya Ramadhani, Rajabu na Shaabani, harusi husongamana, kwa sababu kila familia inataka kumaliza shughuli yake kabla mwezi haujaandama. Wimbi jingine la harusi huja likizo za shule, Aprili, Agosti na Desemba, jamaa walioko Mombasa, Nairobi na Uarabuni wanaporudi nyumbani. Aprili hadi Juni lakini ni masika: mvua huharibu ngoma za uwanjani, na kusi ikivuma safari za boti huwa ngumu.

Mfungo Sita (Rabiul Awwal) ndio mwezi wa maulidi, na kama una nafasi ya kuja mara moja tu maishani, chagua huo. Mwaka wa mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 10 au 11, kwa hiyo maulidi hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2026 Mfungo Sita unatarajiwa kuanza katikati ya Agosti, na 2027 mapema Agosti. Tarehe kamili hutegemea mwezi kuonekana. Acha siku mbili tatu za ziada kila upande wa safari yako.

Halafu kuna Novemba, ambapo kwa kawaida hufanyika Tamasha la Utamaduni la Lamu. Hilo halifuati mwandamo. Tarehe hutangazwa na serikali ya kaunti na Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kufika, na ulale wapi

Kwa basi kutoka Mombasa unapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha unavuka kwa boti. Panda basi la alfajiri au asubuhi ili uvuke mchana, na uulizie hali ya barabara siku moja kabla, maana ukaguzi wa usalama njiani unaweza kuchelewesha safari. Ndege hutua Manda, ng'ambo ya mkondo, na boti la kwenda mjini liko hapo hapo jetini.

Kwa anayetafuta muziki, ushauri wangu ni kulala mjini Lamu, si Shela. Shela ina ufuo mzuri, lakini ngoma nyingi huanza baada ya Isha na huenda zikafika usiku wa manane. Kurudi Shela saa hizo ni mwendo wa kilomita kama 3 kando ya bahari, na maji yakijaa njia hufunikwa mahali fulani. Boti la usiku lipo, kwa bei ya usiku. Mjini, tafuta nyumba ya kulala wageni upande wa Langoni ukija kwa maulidi, kwa sababu Msikiti wa Riyadha uko upande huo. Siku nyingine, popote karibu na ngome panafaa.

Wiki ya maulidi vyumba huisha mapema sana. Wageni hutoka pwani yote ya Kenya, Tanzania na hata Ngazija huko Komoro. Weka nafasi miezi kadhaa kabla.

Pili: jua wa kumuuliza

Matangazo ya karatasi ni machache, na yaliyoko mtandaoni mara nyingi ni ya hoteli. Habari ya ngoma hutembea kwa mdomo na kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa, ambayo mgeni hayaingii. Basi nenda barzani.

Saa nzuri ni baada ya Alasiri, wazee wanapokaa kwenye barza za misikiti na mbele ya ngome, na muuza kahawa anapita na dele lake. Salimia kwanza, kaa, nunua kahawa, mzungumze ya safari na hali ya hewa. Kisha uliza kwa heshima: "Ami, yeo kuna shughuli wapi?" (yeo ni leo kwa Kiamu, lahaja ya hapa). Ukiuliza shughuli, utaambiwa harusi, hitima, maulidi ya nyumbani na ngoma kwa pamoja. Ukiuliza muziki peke yake, utaelekezwa hotelini, kwa sababu ndilo jibu ambalo wageni wengi hulitaka.

Watu wengine wa kuuliza: mwenye nyumba unayolala, hasa kama ni mama wa mji, kwa sababu kinamama ndio wenye ratiba kamili ya harusi, mafundi wa kushona kanzu na kofia kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ambao wanajua nani anaoa wiki hii kwa kuwa wanamshonea, na vijana wa maboti. Hao wa maboti wanajua sana habari za Shela na Manda, lakini ya harusini waulize kinamama.

Maulidi ya Riyadha

Hapa ndipo penye utajiri, na inafaa uelewe unachokitazama.

Msikiti wa Riyadha ulianzishwa na Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyehamia Lamu katika karne ya 19. Alifundisha watu ambao wakati ule hawakupewa nafasi kwenye duru za elimu za mji, na alikubali ngoma zao zije kwenye uwanja wa msikiti. Maulidi anayohusishwa nayo ni yale ya Habshi, yaliyotungwa Hadhramaut, Yemeni, ambayo husomwa kwa matari na kwa sauti za pamoja. Ndiyo maana mpaka leo, msimu huu, uwanja mmoja unakusanya kasida na ngoma za fimbo bila mtu kushangaa.

Kilele ni Alhamisi ya mwisho ya Mfungo Sita, usiku wa kuamkia Ijumaa. Lakini ukifika Alhamisi hiyo hiyo utakuwa umekosa mengi. Fika mwanzo wa wiki. Mchana na jioni uwanja wa mbele ya Riyadha huchezwa ngoma za wanaume: goma, kirumbizi, uta. Kwenye goma wanaume waliovaa kanzu husimama safu, kila mmoja na bakora yake, wakiyumba polepole na kunyanyua fimbo kwa pamoja kama mkono mmoja. Ukiitazama kwa dakika tano utadhani hakuna kinachotokea. Itazame nusu saa. Utaona safu inavyoyumba, na jinsi mzee wa mwisho anavyochelewa kidogo kwa makusudi ili mwendo usambae.

Kirumbizi ni kinyume chake. Watu wawili huingia uwanjani na fimbo, wanazungukana, mmoja anapiga na mwenziwe anakinga, na mlio wa fimbo unaingia ndani ya mapigo. Simama nyuma ya mstari wa watazamaji, usiingie ndani kupiga picha.

Sogea karibu na mpiga zumari. Mashavu yake yamejaa mpaka yamekuwa mviringo, na sauti haikatiki, kwa sababu anavuta pumzi kwa pua huku akisukuma kwa mdomo ile iliyobaki mashavuni. Wapigaji wa ngoma wanamtazama yeye. Akibadilisha kipande, chapuo, ngoma ndogo, inajibu kwanza, kisha msondo, ngoma ndefu. Mtu anayependa chombo hicho huja mbele akamtuza noti, mkononi au kwenye kofia. Wewe pia unaweza kumtuza, na nakuomba ufanye hivyo.  Zumari inaishi kwa sababu kuna watu wanaoithamini mbele ya macho ya mpigaji.

Usiku wa Alhamisi wenyewe ni wa kisomo. Vijana na watoto wa madrasa hupiga magoti kwa safu na matari, na kasida hupanda taratibu mpaka wote wanayumba. Wanaume hukaa uwanjani na msikitini, wanawake wana sehemu yao. Vaa kanzu au shati la mikono mirefu na kikoi safi au suruali. Mwanamke ajifunike vizuri kwa buibui, au kwa nguo ndefu na mtandio. Asiye Mwislamu hafukuzwi uwanjani, lakini asikae safu za mbele wala asiingie msikitini bila kukaribishwa.

Ijumaa kuna ziara na zefe, watu wakitembea kwa kasida na matari, na kaburi la Habib Swaleh huzuriwa. Tafuta kivuli mapema. Njia za Lamu ni nyembamba na punda nao wana haki ya kupita, kwa hiyo subiri mahali ambapo mtaa unafunguka, si kwenye kona.

Harusi, na mpaka wa mgeni

Nje ya maulidi, harusi ndiyo hushikilia muziki wa mji huu. Harusi ya Kiamu haifanyiki siku moja. Huchukua siku kadhaa, na kila siku ina ngoma yake na watu wake. Upande wa bwana harusi unaweza kuona kirumbizi mtaani au zefe ya matari inayompeleka. Hizo ni za wazi. Simama kando, salimu, na ukialikwa kula pilau, kula.

Upande wa kinamama kuna vugo. Wanawake hutembea mitaani usiku wakipiga pembe za nyati kwa vijiti na kuimba, mmoja akitoa na wengine wakipokea. Sauti ya pembe kwenye vichochoro vile vya mawe hufika mbali. Mwanamume akikutana na vugo njiani hupisha. Mwanamke mgeni anaweza kufuata akikaribishwa, na mara nyingi hukaribishwa.

Halafu kuna siku ya kupamba, ambapo bibi harusi hutolewa kwa kinamama waliojipamba, taarabu ikapigwa na chakacha ikachezwa. Humo mwanamume haingii. Simu huzuiwa, na sababu ni ya msingi: kinamama wamevua buibui na wako huru, wala hawataki sura zao zizunguke mitandaoni. Dada yangu unayesoma hili, ukipata mwaliko, acha simu nyumbani kabisa. Usiiweke hata mkobani. Picha moja iliyoponyoka huwafungia milango wageni wote watakaokuja baada yako.

Mwaliko hupatikana vipi? Kwa mama wa nyumba unayolala. Mwambie mapema kwamba ungependa kuona harusi, usisubiri jioni ya mwisho. Akikupeleka, wewe ni mgeni wake, na mwenendo wako utahesabiwa kwake. Peleka bahasha ya pesa au kanga kwa wenye shughuli. Usilipe kiingilio kwa kijana anayejidai kukuingiza harusini, kwa sababu harusi ya Lamu haina kiingilio.

Taarabu: uitafute vipi leo

Lamu ni mji wa Zein l'Abdin, fundi wa udi (ala ya nyuzi ya Kiarabu) aliyezaliwa hapa na kufanya kazi zake nyingi Mombasa. Kabla ya udi mkubwa wa Kiarabu kuenea, pwani hii ilikuwa na kibangala, chombo kidogo cha nyuzi kilichowambwa ngozi, ambacho Zein alikitaja na kukienzi. Kwa hiyo mgeni hutarajia kukuta udi kila barza. Sivyo ilivyo.

Taarabu inayopigwa harusini siku hizi mara nyingi ni ya kinanda cha umeme, mwimbaji mmoja au wawili, dumbaki na tari. Wengi hufuata mtindo ulioenezwa na waimbaji wa Mombasa kama marehemu Juma Bhalo, wenye tuni za Kihindi na mashairi ya Kiswahili. Usiidharau kwa sababu ya kinanda. Sikiliza maneno. Mashairi ya mafumbo bado yapo, na wasikilizaji huinuka kutuza pale mstari unapowagusa, si pale muziki unapopanda.

Ukitaka udi hasa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni tamasha la Novemba. Ya pili ni kuuliza barzani nani mjini anapiga, kisha kuomba akupigie nyumbani au kwenye nyumba unayolala. Hilo ni jambo la kawaida, na ni malipo ya kazi: mkubaliane kiasi kabla, mwalike na mpiga dumbaki wake, wapikie chai na vitafunio, na waalike majirani. Wapigaji hupiga vizuri zaidi mbele ya watu wanaoelewa mashairi, kwa hiyo majirani usiwasahau.

Tamasha la Novemba

Kwa siku chache mji hujaa mashindano ya mashua, mbio za punda, bao na mashairi, na usiku kuna jukwaa uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19. Ni mahali rahisi kwa mgeni: kila kitu ni wazi, picha zinaruhusiwa, na unaweza kusikia ngoma za Wabajuni, taarabu na vijana wa kizazi kipya usiku mmoja. Upungufu wake ni kwamba vipande hufupishwa ili vikundi vyote vipate nafasi, na spika huwa za juu mno kwa zumari. Mchana, vikundi vinapofanya mazoezi nyuma ya jukwaa au vinapopita pwani, ndipo husikika vizuri.

Ukiwa hapo, ingia Makumbusho ya Lamu uone siwa, baragumu kubwa la zamani lililopulizwa kwenye sherehe za watawala na watukufu. Ile ya Pate, kisiwa jirani, ni ya pembe ya ndovu na inapita urefu wa mita 2. Haipigwi, lakini ukishaiona utaelewa kwa nini mzumari anaheshimiwa zefeni.

Shela, Manda na mashuani

Hapa nitakuwa mfupi. Hoteli za Shela na Manda hualika wapiga ngoma au mwimbaji mwenye gita msimu wa wageni, hasa Desemba na Januari, na baa inayoelea kwenye mkondo huwa na muziki wa diski zaidi ya muziki wa vyombo. Piga simu hotelini mchana uulize kama usiku huo kuna wapigaji. Safari za mashua za jioni nazo zina muziki wake: mabaharia vijana huimba na kupiga galoni la plastiki, na baadhi yao wana sauti nzuri sana. Ukiwaomba nyimbo za kwao badala ya zile za watalii, watafurahi, na utasikia kitu tofauti.

Kisiwa cha Pate

Anayetaka ngoma za Wabajuni nyumbani kwao avuke kwenda Faza, Kizingitini, Siyu au mji wa Pate wenyewe. Boti za abiria hutoka Lamu na hupitia Mkanda, njia ya maji kati ya Manda na bara, ambayo hupitika vizuri maji yakijaa. Kwa hiyo saa ya kuondoka hubadilika kila siku. Nenda jetini jioni ya kuamkia safari, uulize. Usiende bila mwenyeji. Huko hoteli ni chache na ngoma ni ya harusi au ya sikukuu, hivyo tafuta mtu mwenye jamaa kisiwani akuunganishe, na ukifika jitambulishe kwa wazee wa kijiji kabla ya kutoa kamera.

Ukipitia Malindi

Wasafiri wengi hulala Malindi njiani, na hapo muziki hubadilika kabisa. Malindi ni mji wa Waswahili na pia ni mlango wa nchi ya Wagiriama. Ngoma kubwa ni mwanzele, na chombo cha kukitafuta ni kayamba: fremu bapa ya matete yenye mbegu ndani, inayotikiswa kwa mikono miwili. Vikundi hucheza kwenye hoteli za ufuoni, lakini huko hucheza kwa dakika chache baada ya chakula. Mahali bora ni tamasha la Mekatilili wa Menza, Agosti, linalomkumbuka mwanamke aliyeongoza upinzani wa Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914. Wazee wa utamaduni wa Malindi ndio huliandaa, na vikundi hutoka vijijini na ngoma kamili, si vipande. Uliza habari kwenye kituo chao cha utamaduni mjini au kwenye makumbusho ya Malindi.

Ukitaka bendi ya kukaa mezani na kusikiliza, ulizia bango, muziki uliokuzwa Mombasa na Mzee Ngala, wenye saksafoni na mwendo wa taratibu. Hupigwa kwenye harusi na baa za Kilifi, Mtwapa na Malindi, mara nyingi Ijumaa hadi Jumapili alasiri. Jumapili alasiri ndiyo bora, kwa sababu familia huja na wazee huinuka kucheza. Waulize madereva wa tuktuk. Wao ndio hupeleka vyombo na wapigaji.

Mwaka 2026 Agosti inakupa nafasi ya kuunganisha: anza na Mekatilili Malindi, kisha panda basi la asubuhi kwenda Mokowe na ubaki Lamu mpaka Alhamisi ya mwisho ya Mfungo Sita, ambayo itaangukia Septemba. Katikati hapo kuna harusi za likizo. Thibitisha tarehe zote mbili kwa simu kabla ya kulipa chochote.